Jibu: Naomba kila siku, lakini kodi inaninyima usingizi

Shalom mpendwa. Umesema unasoma Mathayo 6, pale Yesu anaposema tusisumbuke, na kuomba, ila kodi ya miezi sita hapo Mbagala inakukesha, hadi unajiona huna imani.

Kwanza, umeshaongea na mwenye nyumba? Mimi nilifunga siku tatu kabla ya kumpigia wangu, naye akakubali nilipe mwezi mwezi. Siku tatu za njaa, jamani!

Kisha soma 2 Wafalme 4. Kuna mjane aliyekuwa na deni, na nyumbani chupa moja tu ya mafuta. Nabii Elisha akamwambia aazime vyombo kwa majirani; chupa ile ikavijaza vyote, kisha akaambiwa auze mafuta, alipe deni. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa, nikaanza kukaanga mihogo jioni pale Rangi Tatu.

Kwa nini wengine huomba vilevile na bado hutolewa vyombo nje, hilo sina jibu.