Uchakavu Umempelekea Nani Nini?

"Shikamoo mwalimu. Natafsiri habari ya magereza ya Uingereza yanavyohangaika kuzuia droni zinazoingiza magendo. Niandike 'droni' au 'ndege isiyo na rubani'? Sentensi yangu ni hii: 'Uchakavu wa nyavu umepelekea droni kuwapelekea wafungwa simu na madawa ya kulevya.' Msomaji wako, Tanga."

Marahaba. Andika droni. "Ndege isiyo na rubani" ni sahihi na wakubwa wa anga wanaipenda, ila ukiirudia mara sita katika habari moja msomaji atashukia njiani. Neno ni la Kiingereza, na huko asili yake ni dume la nyuki. Kwetu limeingia ngeli ya I-ZI bila kelele: droni imeanguka, droni zimeanguka. Atakayeandika "madroni" asiniamkie tena.

Sasa turudi kwenye sentensi yako, maana imenipandisha presha.

"Uchakavu umepelekea." Umempelekea nani? Nini? Kitenzi ni peleka, na kikishatiwa kauli ya kutendea kinadai mpokeaji na mzigo. Juma amempelekea bibi unga: bibi yupo, unga upo, Juma anatoka jasho. Huo uchakavu wako umebeba kapu gani? Umepanda basi la saa ngapi?

Kinachonichekesha ni kwamba umekitumia kitenzi hicho mara mbili, na mara ya pili umepatia kabisa! Mkaguzi mkuu wa magereza aliripoti Januari 2025 kwamba wafungwa wa Manchester walikuwa wakitoboa madirisha ya plastiki ngumu kwa koili za birika za umeme, wapate tundu la kupokelea mizigo. Basi mpokeaji yuko dirishani, mzigo unaning'inia hewani, na mwenye droni yuko nje ya ukuta anabofya vitufe gizani. Kitenzi kimeshiba. Hata Rwanda, tangu 2016, droni zinazipelekea hospitali damu, na hapo sina neno.

Najua nitaambiwa lugha hukua. Inakua, nani kakataa? Gereza lenyewe yasemekana ni igreja, kanisa la Wareno, na hatujaligomea. Lakini hilo lilikuja kwa kuwa lilihitajika. "Kupelekea" hii ya magazetini imekuja kukalia kiti cha watu, na wenyewe wapo: kusababisha, kufanya, kuleta, kuchochea, kuzaa. Watafsiri waliona Kiingereza kikisema jambo fulani "linapeleka" kwenye jingine, wakalibeba zimazima, redio zikadakia, na sasa hata taarifa ya msiba "imepelekea huzuni".

Na si suala la masikio yangu tu kukereka. Tangu Januari 2024 ni marufuku kurusha droni ndani ya mita 400 kutoka magereza ya England na Wales, isipokuwa yale ya wazi, na faini yake hufika pauni 2,500. Tuseme wewe uandike: "Sheria mpya imepelekea magereza droni chache." Umekusudia zimepungua. Mimi nimesoma kwamba serikali imewagawia wakuu wa magereza droni, tena kwa ubahili.

Ama "madawa", huko nimechoka. Dawa ni dawa, iwe moja au shehena nzima, na kalamu yangu nyekundu inalijua hilo. Lakini "madawa ya kulevya" imeshakaa vinywani mwa polisi, mahakimu na walevi wenyewe. Ukiiandika nitaguna, nitaiacha ipite.

Andika hivi: "Nyavu zimechakaa, ndiyo maana droni zinafanikiwa kuwapelekea wafungwa simu na dawa za kulevya." Mhariri akikurudishia ile "umepelekea" yake, mwombe akuoneshe stakabadhi ya mzigo.