Unakwenda kufanya kazi penye mabomu? Anza na shimo

Wauguzi, madereva, walimu na mafundi wa maji kutoka Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru wamekuwa wakipata kazi Sudan Kusini na Milima ya Nuba, iliyoko kusini mwa Sudan, tangu enzi za Lokichoggio, mji wa Turkana ulio karibu na mpaka, pale mashirika ya misaada yalipoweka kambi baada ya Operation Lifeline Sudan, mpango wa kupeleka misaada kwa waathiriwa wa vita, kuanza mwaka 1989. Mimi ni muuguzi na nilikuwa mmoja wao. Sasa niko Kisumu, na watu wanapoajiriwa kwenda huko hakukosi kijana wa kunipigia simu kuniuliza abebe nini. Wanauliza kuhusu neti, dawa za malaria, chaja ya sola. Kuhusu ndege za vita ni nadra mtu kuuliza. Sisi wenyewe chuoni hatukufundishwa, ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Naomba ulishike hili: kinachomwokoa raia ni kazi iliyofanywa kabla ndege haijaja. Ikishafika una sekunde chache tu, na katika sekunde hizo mwili hufanya kile ulichozoezwa.

Kwa hiyo ukifika kituoni, kabla hujaonyeshwa kitanda, uliza shimo lako la kujificha mabomu liko wapi. Kama halipo, omba jembe na sururu siku hiyohiyo. Usione haya kwa kuwa wewe ni mgeni. Wenyeji watakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa vyeti vyako.

Sababu ni rahisi. Bomu likipasuka ardhini, wengi hawauawi na moto. Wanauawa na vipande vya chuma vinavyoruka kwa kasi kubwa, vikitawanyika pembeni na kupanda juu. Aliyesimama hukatwa hata akiwa mbali. Aliye chini ya usawa wa ardhi, hata kama yuko karibu zaidi, vipande vingi hupita juu yake. Shimo la kawaida kabisa, lisilo na saruji wala nondo, limeokoa watu wengi sana katika vita vya Sudan.

Shimo zuri ni jembamba na limekwenda chini. Upana uwe wa mabega, kina kifike kifuani ukiwa umesimama, ili ukichutama kichwa kizame kabisa. Shimo pana kama la takataka linapendeza kukaa, lakini mdomo wake mkubwa unakaribisha vipande. Likiwa handaki la watu wengi, lipinde kona, ili mlipuko ukiingia upande mmoja usipite hadi mwisho. Liwe karibu na mlango, lisiwe chini ya ukuta, kwa sababu tofali zikianguka zitakufukia. Udongo uliochimbwa urundikwe hatua moja kutoka ukingoni.

Hapa ulikozaliwa kunakusaidia. Aliyekulia Kakamega au Vihiga amezoea udongo mwekundu unaosimama wima, choo kinachimbwa futi nyingi na kuta haziporomoki. Mtu wa Ahero anaujua udongo mweusi wa nyanda za Kano, unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Wa Nakuru anaujua udongo wa majivu ya volkeno, mwepesi kuchimba na mwepesi vilevile kumomonyoka. Maeneo makubwa ya Sudan Kusini yana udongo mweusi kama wa Kano, kwa hiyo fikiria kama mtu wa Kano: shimo la Machi ni dimbwi ifikapo Julai. Chimba mahali palipoinuka, zungushia mfereji mdogo wa kuelekeza maji kwingine, kuta uzishikize kwa fito na magunia ya mchanga, na kata vidaraja vya kupandia. Kwenye Milima ya Nuba ardhi ni mawe, na huko watu hukimbilia mapango na nafasi zilizo kati ya majabali. Yajue mapema yaliyo karibu nawe.

Kila asubuhi pitisha fimbo ndefu shimoni. Nyoka hupenda mahali penye baridi, na watu wameumwa humo wakikimbia bomu. Wakati wa mvua, shimo lililojaa maji ni hatari kwa watoto wadogo kuliko ndege yenyewe, basi maji yatolewe kila siku. Ni kazi ya kuchosha. Ipangieni zamu kama mnavyopanga zamu za wodi.

Sasa masikio. Kwa miaka mingi ndege iliyojulikana zaidi huko ilikuwa Antonov, ndege ya mizigo yenye injini mbili za rafadha, ambayo mabomu husukumwa kutoka mlango wake wa nyuma. Haina shabaha. Ndiyo sababu iliua raia wengi, na ndiyo sababu pia watu waliweza kuiwahi, kwa kuwa inakwenda polepole na mvumo wake husikika kabla haijafika. Watoto wa huko wataisikia kabla yako. Ukiona mtoto ameacha kucheza ghafla akainua kichwa, usimuulize kitu, nenda shimoni. Ndege za jeti kama Sukhoi hazikupi nafasi hiyo, kwani ukizisikia zimeshafika. Na tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, droni zimetumiwa na pande zote mbili, jeshi la serikali na wanamgambo wa RSF. Baadhi huzunguka juu kwa muda mrefu, na kuisikia ikiondoka si hakikisho kwamba hatari imekwisha.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ambayo wageni hawayafikirii. Jenereta inaziba masikio ya kituo kizima, basi iwashwe kwa saa maalumu, na ikiwaka awepo mtu mmoja aliyekaa mbali nayo ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, akiwa na filimbi au kengele. Na dereva asiwashe redio. Madirisha ya gari yawe wazi, na ndege ikisikika gari lisimame, watu washuke watawanyike mbali nalo. Gari linalotimua vumbi kwenye barabara ya kiangazi linaonekana kutoka mbali sana.

Ukikutwa pasipo na shimo, lala chini papo hapo. Hakuna agizo gumu kama hili, kwa sababu miguu inataka kukimbia. Mtaro wa barabara, korongo, hata alama ya kina ya tairi inatosha kuliko kusimama. Lala kifudifudi, inua kifua kidogo kwa viwiko kisigusane na ardhi, funika kichwa kwa mikono, acha mdomo wazi ili shinikizo la mlipuko lisiumize sana masikio. Fanyeni mazoezi. Sisi tulifanya na wagonjwa wakatucheka, na siku ilipohitajika hakuna aliyeuliza afanye nini.

Mazoezi yana sababu nyingine. Usiku wa tarehe 3 Machi 1943, watu 173 walikufa kwenye mlango wa kituo cha treni cha Bethnal Green, London, kilichokuwa kimbilio la mabomu. King'ora kililia, makombora ya kutungua ndege yakafyatuliwa karibu kwa kishindo ambacho watu hawakukizoea, mmoja akajikwaa karibu na mwisho wa ngazi, wengine wakaendelea kusukuma kutoka juu. Hakuna bomu lililoanguka hapo usiku ule. Sisi wa magharibi mwa Kenya tunalielewa hilo kwa uchungu, kwa sababu Februari 2020 watoto wa shule moja ya msingi mjini Kakamega walikufa kwa kukanyagana wakishuka ngazi baada ya masomo. Kwa hiyo mashimo mengi madogo ni bora kuliko kimbilio moja kubwa lenye mlango mmoja. Kila wodi na kila darasa liwe na lake, na kila mtu ajue la kwake ni lipi. Tarehe 8 Februari 2000 mabomu yaliangukia shule huko Kauda, Milima ya Nuba, wanafunzi wakiwa masomoni chini ya miti, na zaidi ya 10 waliuawa pamoja na mwalimu. Mwalimu unayekwenda huko, shimo la darasa lako lichimbwe kabla ya ubao kutundikwa.

Epuka msongamano pia nje ya kituo. Tarehe 9 Desemba 2024 soko la Kabkabiya, Darfur Kaskazini, lilipigwa siku ya gulio, likiwa limejaa watu kutoka vijijini. Mtume mtu mmoja sokoni mapema badala ya kwenda kikosi kizima.

Wanaokwenda hospitalini nina neno lao la pekee, maana huko ndiko nilikofanya kazi na huko ndiko roho yangu inakouma. Msidhani msalaba mwekundu juu ya paa ni ngao. Hospitali ya Mother of Mercy ya Gidel, Milima ya Nuba, ilirushiwa mabomu Mei 2014. Ile ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) huko Farandalla, milima hiyohiyo, ilipigwa mwaka huohuo na tena Januari 2015. Januari 2025 droni ilipiga Hospitali ya Saudi mjini El Fasher, Darfur Kaskazini, na kuua takriban watu 70. Na tarehe 3 Mei 2025 hospitali ya Old Fangak, Sudan Kusini, ilishambuliwa kwa helikopta, na bohari ya dawa ikateketea. Hiyo ya mwisho ina funzo la moja kwa moja: usiweke dawa zote chumba kimoja. Gawa sehemu mbili au tatu zilizoachana, na kila sehemu iwe na maji ya dripu, antibayotiki, dawa za maumivu na bendeji. Asiyeweza kubebwa hadi shimoni ashushwe chini ya kitanda, na ukuta wa nje uzungushiwe magunia ya mchanga hadi usawa wa dirisha.

Sheria ipo, na inafaa uijue kwa moyo. Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki ya Pili ya 1977 inakataza kuwalenga raia na inalinda hospitali hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ulinzi huo unaondoka tu hospitali ikitumiwa kwa uhasama, na hata hapo onyo lazima litangulie. Wewe basi usimpe yeyote kisingizio. Bunduki ziachwe langoni. Kamanda akiegesha lori la silaha kando ya wodi, mwendee kwa heshima, umwambie: "Mzee, majeruhi wako nao wamelala humu. Lori hili likivuta bomu, watakufa wao kwanza." Wengi hulisogeza.

Bomu likishapasuka, usitoke mbio. Ndege hurudi, na waokoaji wamekufa kwa kuwahi mno. Ukitoka, anza na damu inayomwagika kwa nguvu: kandamiza, na kama ni mkono au mguu, ufunge kwa kukaza juu kidogo ya jeraha, upande wa moyo, andika saa uliyofunga. Anayelia ana pumzi, mtazame kwanza aliye kimya. Aliyekuwa karibu na mlipuko anaweza kuonekana hana jeraha, kumbe mapafu yameumia. Asiruhusiwe kurudi nyumbani mapema, na kupumua kwake kuangaliwe kwa saa kadhaa. Chuma chochote kilichobaki ardhini bila kupasuka, hata kiwe kidogo namna gani, weka alama kwa mbali na uwaite wataalamu wa mabomu. Watoto ndio wa kwanza kukiokota, waambie kila siku.

Ukirudi nyumbani usishangae ukishtuka ndege inaposhuka kuelekea uwanja wa Kisumu, au helikopta za kampeni zinapotua shuleni. Si wazimu na si aibu. Mweleze mtu aliyewahi kuwa huko, na ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, nenda hospitali ukaonane na mshauri.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, muulize mwajiri: mashimo yapo? Nani anatoa amri ya kuondoka, na kwa gari au ndege ipi? Je, mfanyakazi akikataa kubaki baada ya shambulio, anapoteza mshahara? Bima inalipa kifo na ulemavu wa vita? Uliza hili la bima mara mbili, kwa kuwa bima nyingi huondoa vita kwa maandishi madogo. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na nakala moja uiache nyumbani kwa mtu anayeweza kuisoma na kuifuatilia.