Ufukara wa kuchagua

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza wale watawa wa kale walioacha mali wakaishi kimaskini walikuwa na lipi la kusifiwa, ilhali bibi yako alizaliwa maskini, akafa maskini, na hakuna aliyemwita mtakatifu. Umaskini wa hiari, unasema, ni anasa ya watoto wa matajiri. Umeuliza vizuri, wala sitakukemea.

Nimchukue mmoja tu, Klara wa Assisi, huko Italia. Kwao walikuwa makabaila. Mwaka 1212, usiku wa Jumapili ya Matawi, binti huyu wa miaka kama 18 alitoroka nyumbani, na Fransisko wa Assisi, mhubiri aliyekuwa ameacha mali yake, akamkata nywele. Jamaa walimfuata hadi kwenye monasteri alikofichwa. Akang'ang'ania vitambaa vya altare, akafunua kichwa, wakaona nywele hazipo, mwishowe wakamwacha. Urithi wake aliuuza awape maskini, na jamaa walipotaka kuununua wao, akawakatalia, maskini wasije wakapunjwa. Hapo huwa nacheka. Aliwajua watu wa kwao!

Utaniambia ndiyo yaleyale, alikuwa nacho cha kuacha. Kweli. Lakini angalia mlangoni, mwanangu. Siku zile msichana hakuingia utawani mikono mitupu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yaani mkutano mkuu wa Kanisa huko Roma, ulilalamika waziwazi kwamba watawa wengi wa kike hawampokei mtu bila malipo, na kisingizio chao ni ufukara! Binti wa mtu kama bibi yako angeishia nje. Kanuni ya maisha aliyowaandikia Klara masista wake inasema anayeingia auze alivyo navyo awape maskini. Asiyeweza, nia njema yamtosha. Kwa hiyo ufukara wa yule binti wa kabaila ulimfungulia mlango asiye na kitu.

Ndani ya San Damiano, monasteri yao huko Assisi, walifanya kazi za mikono. Klara, hata alipokuwa mgonjwa kitandani, aliegemezwa akasokota uzi wa vitambaa vya altare kwa makanisa ya jirani. Masista waliotumwa nje waliporudi, aliwaosha miguu. Siku moja alipoinama kuubusu mguu wa mmoja wao, yule sista kwa aibu akauvuta, ukampiga Klara mdomoni. Akaushika tena, akaubusu.

Waliompinga hawakuwa wajinga. Wanawake karibu wote wamefungiwa ndani, hawatoki kuomba chakula: bila mashamba na kodi watakula nini? Papa Gregori IX alimsihi apokee mali, hata akajitolea kumwondolea nadhiri ya ufukara. Klara akajibu kwamba aondolewe dhambi, si kumfuata Kristo. Mwaka 1228 Papa akampa hati kwamba hakuna atakayewalazimisha kupokea mali. Kanuni yenyewe ilithibitishwa na Papa Inosenti IV tarehe 9 Agosti 1253, naye Klara akafariki tarehe 11. Ardhi aliyoiruhusu humo ni ya kuizunguka nyumba, na bustani ya mboga za masista. Basi.

Mimi simsifu kwa yote. Alifunga hadi Fransisko na askofu wakamwamuru ale walau kipande kidogo cha mkate kila siku. Baadaye yeye mwenyewe alimwandikia Agnes wa Praha, binti wa mfalme, apunguze kufunga, maana mwili si shaba. Tena chakula cha masista kilitegemea mafrateri, watawa wa kiume wa Fransisko, waliozunguka kuwaombea chakula kwa watu. Nalo hilo ni deni, hata likiitwa sadaka.

Na baada ya kufa kwake? Mwaka 1263 Papa Urbano IV alitoa kanuni nyingine iliyoruhusu nyumba za masista hao kumiliki mali, na nyingi zikaifuata. Kwa hizo, hoja yako naikubali yote.

Mimi mama yako