Hemingway wa Paris asomwe na hadithi zake mkononi

Swali la wiki lilikuwa: ni mwandishi gani mkongwe anayestahili kusomwa upya, na msomaji aanzie wapi? Jibu langu ni Ernest Hemingway, na pa kuanzia ni A Moveable Feast, kumbukumbu zake za miaka ya 1920 alipokuwa kijana wa Kimarekani akijifunza kuandika mjini Paris.

Wengi wanamjua kwa mvuvi mzee na samaki wake, au kwa bunduki na simba wa Tanganyika, wakaishia hapo. Hapa tunamkuta fundi akiwa kazini. Anaeleza anavyoanza na sentensi moja ya kweli, anavyoweka kalamu chini wakati bado anajua kitakachofuata, kisha anavyojizuia kuiwaza hadithi mpaka kesho yake. Kwa anayeandika, hayo peke yake yanatosha kununulia kitabu.

Lakini usikisome peke yake. Kiwe pamoja na In Our Time, mkusanyo wake wa hadithi fupi wa 1925. Ukifikia sura inayosema kwamba njaa ilimfunza nidhamu, soma kwanza "Big Two-Hearted River": kijana anapiga kambi, anavua samaki, basi. Ndipo urudi kwenye sura hiyo, ambamo mwandishi anafichua kuwa hadithi ile inahusu kurudi kutoka vitani, na vita vyenyewe hakuvitaja. Irudie sasa hadithi. Utaelewa kwa nini kijana yule anazikaza kamba za hema kwa uangalifu mkubwa namna ile, na kwa nini hataki kwenda kuvua kwenye kinamasi.

Wanaokwama na kitabu hiki hukichukulia kama ushahidi wa mahakamani. Hemingway alikiandika mwishoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka thelathini baada ya mambo yenyewe, afya yake ikizorota. Ufukara anaousimulia ulikuwa na nafuu yake: mkewe wa kwanza, Hadley, alikuwa na fedha za urithi. Na wale waandishi wenzake wa Paris anaowachora kwa ukali zaidi, Ford Madox Ford, Scott Fitzgerald na Gertrude Stein, wote walikuwa wamekwisha kufa, wasiweze kumjibu. Kwa Fitzgerald hasa, ni haki kuisoma riwaya yake, The Great Gatsby, kabla ya kuamini sura zinazosimulia ulevi wake. Hemingway mwenyewe anakiri humo humo kwamba ni kitabu bora.

Matoleo yako mawili, nayo hayalingani. La 1964 lilitoka baada ya kifo chake cha 1961, likihaririwa na mjane wake, Mary. La 2009 liliandaliwa na mjukuu wake, Seán, na dibaji ni ya Patrick, yule mwana wa Hemingway aliyeishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha chuo cha wanyamapori cha Mweka. Tofauti kubwa iko mwishoni, ndoa na Hadley inapovunjika. Toleo la Mary linawatupia lawama nyingi matajiri waliowazunguka, pamoja na Pauline, mke wa pili. La Seán linarudisha maneno ambayo Hemingway anajilaumu mwenyewe. Kumbuka tu kwamba Pauline ni mama yake Patrick na bibi yake Seán. Mimi ningeanza na la 1964, kwa kuwa sura yake ya mwisho ina nguvu zaidi, kisha nichukue la 2009 kwa ajili ya vipande vya ziada vilivyowekwa nyuma.