Maswali na Majibu: Nimeanza Black Ops 6, na Kilichonishika si Bunduki

Wiki iliyopita nilidokeza kwamba nimeanza kucheza Call of Duty: Black Ops 6, gemu ya kijeshi iliyojaa majasusi, iliyotoka Oktoba 25, 2024. Nimechelewa, najua, msinicheke. Nimefika misheni ya 4 kati ya 11, kwa hiyo haya ni ya awali. Na ile sehemu ya mchezaji mmoja nitaiita "stori", maana ukisema "kampeni" hapa Dodoma utaulizwa mgombea ni nani.

Kaka, sijawahi kucheza Black Ops yoyote. Nitaambulia kitu? (Mwanafunzi, UDOM)

Utaambulia, mdogo wangu. Wewe ni Case, jasusi wa CIA asiye na maneno mengi. Mkubwa wenu kazini ni Troy Marshall, na juu yenu yuko mzee Frank Woods, ambaye sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mmesimamishwa kazi baada ya operesheni moja kuharibika, mnafanya mambo yenu kwa siri. Mtu pekee anayehitaji historia ya nyuma ni Russell Adler, yule mwenye miwani ya jua na makovu usoni. Ukitaka kujua kwa nini hakuna anayemwamini, cheza gemu ya Black Ops Cold War ya mwaka 2020 kwanza. Usipoicheza utamshuku tu kama mimi nilivyomshuku, na inatosha.

Ni kufyatua risasi mwanzo mwisho, au kuna akili ndani yake? (Msomaji, Nkuhungu)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Misheni ya kwanza ilinikatisha tamaa. Mpaka wa Iraq na Kuwait, moshi, kelele, piga huyu, ruka pale. Vizuri, lakini tumeshayaona. Halafu mnahamia kwenye jumba kuukuu huko Bulgaria, liitwalo Rook, lililokuwa maficho ya KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovyeti. Hakuna adui. Ni vumbi, ngazi zinazolia, na kinanda sebuleni. Unapata tochi ya mwanga wa zambarau, unamulika, na alama zilizofichwa zinajitokeza. Inabidi ubonyeze noti kwa mpangilio wake ndipo njia ya siri ifunguke.

Mimi nilikuwa nabonyeza ovyo. Mpangaji mwenzangu, ambaye hupiga kinanda kwenye kwaya, alikuwa anapita na sufuria yake akasimama mlangoni. Akasikiliza kidogo. "Soma kwanza, ndipo upige," akasema, akaenda zake kusonga ugali. Nikatulia, nikasoma, mlango ukafunguka. Nilipiga kelele hadi jirani wa ng'ambo akauliza kama Yanga wamefunga.

Misheni ya 3 ndiyo imenimaliza kabisa. Uko Washington, kwenye hafla ya kumchangia Bill Clinton, ambaye mwaka 1991, ambamo stori hii imewekwa, alikuwa bado gavana wa Arkansas. Umevaa suti. Kazi yako ni kupata picha ya jicho la seneta mmoja ili ufungue mlango unaosoma macho, na njia ya kumfikia unaichagua mwenyewe. Mimi nilipita kwa mke wake. Rafiki yangu alipita njia nyingine kabisa, tukabishana siku nzima kama tumecheza gemu moja. Kwa muda wote ule sikuwa na bunduki mkononi, na jasho lilinitoka kuliko kule jangwani.

Risasi zikianza, nazo hazichoshi. Sasa unaweza kukimbia, kuteleza na kujirusha upande wowote, hata kinyumenyume, na unaweza kumkamata adui ukamfanya ngao. Ila ukiniuliza nitarudia nini, nitarudia hafla.

Nina diski, lakini nategemea bando. Naweza kucheza stori bila intaneti? (Fundi simu, Kondoa)

Hapana, ndugu yangu, na hapa nina kinyongo. Diski peke yake haikufikishi mbali. Lazima upakue makumi ya GB. Halafu hata ukimaliza kupakua, stori yenyewe inataka uwe mtandaoni muda wote, kwa sababu sehemu ya picha zake huvutwa moja kwa moja unapocheza. Upo peke yako chumbani, unapigana na maadui wa kompyuta, lakini mtandao ukikata umekwisha. Juzi ulikata nikiwa nimebakiza mlango mmoja. Niliporudi nikaanzia nyuma, na kwa hasira nikaua hata mlinzi ambaye mara ya kwanza nilimkwepa. Kama mtandao wa kwenu ni wa kubahatisha, usinunue kwa ajili ya stori.

Nina banda la gemu Chang'ombe. Niiweke? (Mfanyabiashara)

Kwa biashara, usihangaike. Anayelipia nusu saa anataka kumfunga mwenzake mabao, si kumulika kinanda Bulgaria. Endelea na mpira.

Yanayosimuliwa humo ni kweli? (Mwalimu, Mpwapwa)

Shikamoo, Mwalimu. Ukuta ni wa kweli, picha zilizotundikwa ni za kubuni. Iraq iliivamia Kuwait Agosti 2, 1990. Marekani na washirika wake wakaanza mashambulizi ya anga Januari 17, 1991, na mapigano yakasitishwa Februari 28. Makombora ya Scud yalirushwa kweli, na vikosi maalumu vikayasaka jangwani. Mwaka haujaisha, Umoja wa Kisovyeti ukavunjika, KGB nayo ikafutwa. Lakini kundi la Pantheon, lile linalowasumbua kina Woods, halikuwahi kuwepo. Wanafunzi wasije wakaliandika kwenye mtihani. Mwaka huohuo hapa kwetu Tume ya Nyalali ilikuwa inakusanya maoni kuhusu vyama vingi. Sijaona gemu yake, nami ningeinunua.

Mwanangu ana miaka 12 na ananisumbua nimnunulie. (Mama, Area C)

Mama, hapana. Kwa viwango vya Ulaya ni ya miaka 18 kwenda juu, na haikupewa hivyo kwa kuonewa. Watu wanachinjwa kwa karibu, na kamera haigeuki.

Nimekwama jangwani misheni ya 4, nakufa kila dakika. (Msomaji, Manyoni)

Nawe ni mtu wa Manyoni! Uwanda ule ni kama barabara ya kutoka kwenu kuja Dodoma mwezi wa kumi: kweupe, na anayekuja anaonekana akiwa mbali. Tofauti ni kwamba Iraq hawakukuwekea mbuyu wa kujibanza. Kosa langu lilikuwa kuendesha gari hadi mlangoni mwa kambi. Liache mbali, panda mwinuko, maliza kwanza mwenye bunduki ya masafa aliye juu, ndipo ushuke taratibu ukiwa umechutama. Usikimbilie kazi kuu pia. Zungukia vituo vidogo kwanza, kwani hela unazookota zinatumika kule kwenye jumba kujiongezea uwezo. Mimi niliwekeza kwenye afya. Nilikufa mara 9 badala ya 20.