Breki zikifeli, nani alipe?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina Canter ya mizigo na nimeajiri dereva. Wiki mbili zilizopita, akiteremka Iwambi kuelekea Mbalizi, breki zilikataa. Pedeli ilizama hadi chini. Akashusha gia, akavuta hendibreki, lakini akaigonga bajaji kwa nyuma. Mwenye bajaji amevunjika mguu na abiria wake ameumia. Gari lilikuwa na siku nne tu tangu litoke gereji kufungwa lainingi mpya (vile vipande vya breki vinavyosugua ndani ya gurudumu). Bima yangu ni ndogo. Ndugu wa majeruhi wanataka niwalipe, huku wenzangu wakinitia moyo kwamba ajali ya breki ni amri ya Mungu, sina kosa. Ukweli ni upi? (Mmiliki wa Canter, Mbeya)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na wape pole majeruhi pia. Kuwajulia hali hospitalini si kukiri kosa, usiogope kwenda.

Nianze na hiyo amri ya Mungu, maana ndiyo itakayokuponza. Kisheria, utetezi huo ni wa radi, mafuriko, tetemeko la ardhi, mambo ambayo binadamu hana namna ya kuyazuia. Hozi ya breki (mpira unaopitisha mafuta ya breki) iliyopasuka haimo humo. Ukisimama mahakamani ukasema breki zilifeli ukaishia hapo, hujajitetea bado. Gari lako, likiwa mikononi mwa mwajiriwa wako akiwa kazini, limemgonga mtu kwa nyuma. Hiyo peke yake inaashiria uzembe, na wewe ndiye unayetakiwa kueleza breki zilifeli kwa sababu gani, na ulifanya nini kabla ya siku hiyo kuhakikisha hazifeli.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1969, Henderson dhidi ya Jenkins, ambayo mawakili wa nchi zinazofuata mfumo huo wa sheria, nasi tukiwemo, wanaijua vizuri. Lori lilikuwa linateremka kilima, breki zikafeli, likamuua mtu. Ilikutwa tundu la kutu kwenye mrija wa mafuta ya breki, upande ambao huwezi kuuona bila kuufungua mrija wenyewe. Wenye lori walithibitisha kwamba walikuwa wakilikagua mara kwa mara kwa macho. Wakashindwa. Majaji walitaka kujua zaidi: lori hilo lilikuwa likibeba mizigo gani? Lilipita wapi hata mrija ule ukaliwa na kutu kiasi hicho? Wenye lori hawakuleta ushahidi wowote juu ya hayo. Uamuzi ulipita kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwa hiyo usidhani lilikuwa jambo jepesi. Hukumu za aina hiyo haziwafungi majaji wetu, ila zina ushawishi mkubwa kwao.

Sasa jiulize maswali hayohayo juu ya Canter yako. Siku ile ilibeba tani ngapi? Hozi zilibadilishwa lini? Na kubwa kuliko yote: dereva aliwahi kukulalamikia? Nimewahi kusimamia kesi ya mteja aliyekuja na bahasha nzima ya risiti za gereji, nikajua tumeshashinda. Dereva wake alipopanda kizimbani akasema, kwa upole kabisa, kwamba alimwambia bosi mara mbili kuwa pedeli haishiki mpaka uipampu, akajibiwa amalizie kwanza safari ya mahindi. Risiti zote zile hazikutusaidia tena.

Kwa hiyo katika madai unaweza kubanwa kwa njia mbili: uzembe wa dereva wako, ambao wewe mwajiri unaubeba, na uzembe wako mwenyewe katika kulitunza gari. Jinai ni jambo jingine, kila mtu hujibu la kwake. Dereva anaweza kushtakiwa kwa uendeshaji wake, nawe kwa kuruhusu gari bovu liingie barabarani.

Bima ndogo ipo kwa ajili ya watu kama hao majeruhi. Waarifu kampuni yako ya bima leo hii kwa maandishi, na usimwahidi mtu kiasi chochote wala kusaini makubaliano kabla hawajakujibu; mikataba mingi ya bima inakataza hilo. Matengenezo ya Canter yenyewe ni juu yako.

Fundi naye hajanusurika. Ikionekana alifunga vibaya, au aliona hozi imechanika akanyamaza, unaweza kuiomba mahakama umwingize kwenye kesi kama mhusika wa tatu, au umdai baadaye. Lakini lainingi na hozi ni vitu viwili tofauti. Kama ulimlipa afunge lainingi tu na kilichopasuka ni hozi, atasema hiyo haikuwa kazi yake, na asipokuwa na wajibu wa kuikagua atakuwa na hoja. Ndiyo maana risiti iliyoandikwa “matengenezo ya breki” bila maelezo itawagombanisha. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3, ya mkataba ni 6.

Yote haya yanategemea ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi, ile PF 93. Iombe uisome. Ikiwa imeandikwa “breki mbovu” tu, haitoshi. Muombe mkaguzi aeleze ni kifaa gani, kimekatika wapi, na mkato ni mpya au ni wa zamani. Mpira uliopasuka ghafla na ule uliokuwa ukichanika kidogo kidogo kwa miezi havifanani, mtaalamu anavitofautisha.

Hukuniambia gari liko wapi. Kama bado liko kituoni, lisiguswe. Kama limesharudi gereji, nenda sasa hivi kabla fundi hajatupa vilivyofunguliwa. Chukua hozi, lainingi na mirija kama vilivyo, usivioshe, vipige picha ukiwa na shahidi, kisha vikabidhi kwa mpelelezi wa kesi akusainie kwamba amevipokea.