Nakala 300 chini ya kitanda

Mdogo wangu, umeuliza kama nakala 300 za riwaya yako zilizolala chini ya kitanda hapo Mtwara uzipeleke Dar. Usizipeleke kwanza. Duka la mbali litazichukua kwa mali kauli, yaani likulipe baada ya kuuza, na kufuatilia pesa yako kutakula nauli yote. Mimi niliacha nakala 40 kwenye duka moja huko. Niliporudi baada ya miezi sita nilizikuta nyuma ya katoni za madaftari, pembe zimetafunwa na mende. Iliniuma sana.

Anza na majirani. Msimu wa korosho ukifunguka, malipo ya minada yakaingia Tandahimba, Newala na Masasi, nenda huko na begi lako. Usimsimulie mteja kisa kizima. Msomee ukurasa mmoja, ule ulioutaja wa bibi anayebangua korosho usiku, ukome pale panapouma, unyamaze. Akiuliza, "Ikawaje?" mpe kitabu akishike mwenyewe.

Wateja wa mbali wakulipe kwa simu, nawe uwatumie vitabu kwa basi. Shuleni, muone mkuu wa shule kwanza, na uache nakala moja ya maktaba bila malipo.